Kitambaa Kilikuwa na Forosadi

Panjakent, 3 Oktoba 2019

Sabohat, mwanangu,

Nimeficha jambo kwa miaka sita: siku wanawake wa mtaa walipokufungia nyumba yako ya kulelea watoto, nilijua kwamba hukumnywesha mjukuu wangu kitu chochote. Nilikuwa nimesimama pale uani kwako, nimevaa joho langu la Ijumaa, na nilijua.

Sasa naweza kukusalimu. Assalamu alaykum. U mzima? Mumeo Rahmatullo hajambo, na mgongo wake je? Daler ameshaota ndevu? Mimi ini limekwisha. Daktari, ambaye nilimfundisha kemia akafeli mara mbili, ameniambia nisijisumbue kupanda viazi msimu ujao. Mohira ana miaka minane. Anasoma kuwapita wenzake na anabishana na kila mtu. Hana kasoro yoyote mwilini wala akilini. Nakwambia mapema, maana ndilo ungeliuliza.

Nakumbuka ulivyonijia ile Jumanne ya Machi na daftari la shule mkononi. Hukutaka kukaa. Ulinisomea ukiwa umesimama, kama zamani darasani kwangu. Mtoto aliyekuwa akigonga vifuniko vya sufuria hadi mama mkwe wako anaziba masikio, sasa anasinzia na mkate mdomoni. Mboni za macho yake ni ndogo kama ncha ya sindano hata chumbani kukiwa na giza. Anajikuna pua mchana kutwa. Siku ya nne hajapata choo. Na Ijumaa, baada ya mimi kwenda Dushanbe na kumlaza kwa jirani, ulimpokea akipiga miayo, anatoka jasho, makamasi yanachuruzika, anatetemeka na homa hana.

"Mwalimu," ukasema, "mtoto huyu kuna kitu ananyweshwa."

Nikakujibu, "Kwangu ananyweshwa maziwa. Kwako je?"

Ulifunga daftari ukaenda zako. Nami neno lile nililirudia kwa mke wa jirani, kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi, na hakuhitaji kuongezewa. Kila mtu pale mtaani ana bibi aliyechemsha vitumba vikavu vya mpopi, ule wa kasumba, akamwekea mtoto maji yake katika kijiko ili alale. Mlezi mwenye watoto tisa, wote wanalala adhuhuri? Ilitosha.

Nataka kuwaandikia wazee wa mtaa barua ya kusafisha jina lako. Niambie niandike nini.

Babu yake Mohira


Khujand, 15 Oktoba 2019

Mwalimu,

Wa alaykum salaam. Sisi hatujambo. Pole kwa maradhi. Daler yuko jeshini, ndevu amenyolewa. Mimi nafanya kazi ya kufua katika nyumba ya wageni. Watoto wa watu sijawashika tena.

Umeniambia Mohira ni mzima. Hapo nilikaa chini. Ahsante.

Lakini usiniite mwanangu. Kwamba sikumpa kitu, mimi mwenyewe nilikuwa nalijua. Kwa hilo hujaniletea habari. Na barua ya wazee sina haja nayo. Wanawake walionipekua, nusu yao wako Urusi wanalea watoto wa Warusi.

Nina swali moja tu.

Walipoingia ghalani kwangu walikuta furushi nyuma ya pipa la unga. Vitumba kumi na saba. Vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa cha mama mkwe wangu, kile chenye makomamanga alichokidarizi kwa mkono wake. Ulikuwepo, ulikiona. Kama si kitambaa kile ningesema ni hila ya adui. Walipoondoka nikamuuliza.

"Ni changu," Bibi Zulaykho akasema. "Nilifunga chakula nikakipeleka msibani. Hakikurudi."

"Msiba wa nani?"

"Binti, mwaka huu nimepeleka chakula misiba sita. Nitakumbuka vipi?"

"Na vitumba navyo vilikuwa chakula cha msiba?"

"Mimi nimelea saba kwa nyimbo na makofi. Kasumba ingenipunguzia makofi, lakini sikuitumia."

Alitaka nicheke. Nilimfungia nguo zake, nikampeleka Isfara kwa mwanawe mdogo, nikamwacha mlangoni na sanduku. Mwaka wa pili akafa. Mazishini sikwenda.

Nataka kujua kama nilimfukuza bure. Basi.

Mama yake Daler


Panjakent, 2 Novemba 2019

Sabohat,

Natumaini hamjambo na baridi ya Khujand. Hapa theluji imeshuka hadi kwenye mabustani ya juu. Chakula hakikai tumboni, ila chai inakaa.

Una haki ya kujua alinyweshwa na nani. Ni mimi.

Unajua mke wangu alikufa Januari ile. Mohira alikuwa analala ubavuni mwake tangu wazazi wake waende Yekaterinburg, huko Urusi. Baada ya mazishi akawa analia kuanzia alasiri, amesimama kwenye mlango wa chumba cha bibi yake na kiatu kimoja cha marehemu mkononi. Mwanangu akapiga simu, akasikia.

"Baba, kama humwezi, mama mkwe wangu wa Kulob yuko tayari kumchukua."

"Namweza."

"Baba, nasikia anavyolia."

Kulob ni siku nzima ya safari. Nisingemwona tena. Nikakumbuka mama yangu alivyotutuliza tukiwa wachanga kwenye susu zetu za kulalia. Vitumba nilivipata kwa mzee mmoja bondeni. Nilivichemsha, nikachuja, nikapima. Mtu aliyefundisha kemia miaka thelathini na minane hakisii. Nilijiambia kwamba kipimo ndicho kinachonitofautisha na mwanamke mjinga. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na asali. Mwanangu alipopiga tena nikamwambia, "Sikiliza nyumba ilivyo kimya." Akasema, "Kumbe umeweza." Nilifurahi, Sabohat. Sikudanganyi, nilifurahi.

Kisha ukaja na daftari. Kila ulichosoma nilikijua, maana nilikuwa nimekiona na kukipa majina mengine: anaota meno, anamwomboleza bibi yake. Jumatano nilianza kupunguza kipimo. Baada ya wiki tatu nikaacha kabisa. Alipata nafuu, na watu wakasema, mnaona, tangu atolewe kwa yule mwanamke.

Kuhusu furushi, siku zile kila nyumba ilikuwa na vitumba juu ya dari kwa ajili ya kikohozi na meno. Watu wazee husahau. Mwache mama mkwe wako apumzike, nawe upumzike.

Babu yake Mohira


Khujand, 14 Novemba 2019

Mwalimu,

Salamu. Sisi wazima, na usihangaike na baridi yetu.

Umenijazia kurasa tatu. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili jikoni huku nguo za wageni zikichemka. Umekiri kuhusu Mohira. Nilishakisia, maana mtoto alitetemeka Ijumaa moja tu, na ndiyo siku ambayo babu yake hakuwepo. Nililiandika hilo kwenye daftari. Sikulisema kwa sababu ulikuwa Mwalimu.

Lakini swali langu umelizunguka. "Watu wazee husahau." Alisahau nini? Msiba, au vitumba? Ulikuwa unatupa sifuri kwa jibu lisiloonyesha njia, hata likiwa sahihi. Mimi ulinipa sifuri mbili.

Nikueleze kwa nini nang'ang'ania. Rahmatullo, tangu mama yake afe, anakula barazani. Hata theluji ikianguka. Hajawahi kunilaumu.

"Ingia ndani, kuna baridi."

"Hapa kuna hewa."

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea."

Ndiyo maongezi yetu kwa miaka minne. Kama mama yake alikuwa na hatia, nitaendelea kubeba hivi hivi, nimezoea. Kama hakuwa nayo, lazima nimwambie mume wangu kwamba nilimtupa mama yake mlangoni kama zulia bovu, kwa kosa la mtu mwingine. Pengine ataniacha. Hilo ni langu na yeye. Wewe niambie tu.

Mama yake Daler


Khujand, 9 Januari 2020

Mwalimu,

Assalamu alaykum. Hukujibu, nikadhani posta. Kisha dereva anayeleta zabibu kavu kutoka Panjakent akanambia hushuki tena kitandani, na kwamba Mohira ndiye anayekulisha kwa kijiko. Mungu akupunguzie maumivu. Nasema hivyo kwa moyo, ingawa moyo haukutaka.

Nilikwenda Isfara mwezi uliopita. Nilimuuliza shemeji yangu kama Bibi Zulaykho aliacha neno. Akasema siku mbili kabla ya kufa alimshika mkono akamwambia, "Mwambie Sabohat nimekumbuka. Kitambaa kilikuwa na forosadi." Akajaribu kutaja nyumba, pumzi haikumfikisha. Shemeji alidhani mgonjwa anaweweseka, hakuniletea ujumbe.

Forosadi kavu, matunda ya mti wetu. Katika misiba ile sita, sikumbuki alizipeleka kwa nani. Kwingine alipeleka wali, kwingine mikate.

Wewe ulikuwa mmoja wa wale sita.

Usife na jibu langu.

Mama yake Daler


Panjakent, 27 Januari 2020

Kutoka kwa Ubaydullo, babu yake Mohira. Jina nimelitanguliza hapa juu ili huko chini nisipate pa kujificha.

Sabohat, assalamu alaykum. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Hali yangu dereva ameshakueleza. Naandika mistari minne, napumzika.

Mohira nimemwambia jana. Alitaka kujua ni kijiko gani. Nikamwonyesha, kile kidogo cha fedha. Alikitazama, akakiosha, akanilisha mtindi kwa kijiko kingine. Leo asubuhi amekuja kama kawaida. Daftari lako ameliomba. Kama unalo bado, mtumie.

Nakala ya pili ya barua hii nimeifunga pamoja na hii. Ni ya Rahmatullo. Mpe kabla hujamwambia neno lolote, aanze kunichukia mimi.

Siku ile mkuu wa mtaa alinipitia asubuhi. Alikuwa mwanafunzi wangu, aliona haya. "Mwalimu, kwa ajili ya haki tutapekua nyumba zote mbili. Kwako tutaingia tu na kutoka." Nikamwambia karibuni. Vitumba vilikuwa kabatini, nyuma ya vitabu. Ningeweza kuvitupa mtoni, tanuri lilikuwa linawaka, ningeweza kuvichoma. Nimejiuliza miaka sita kwa nini sikuvichoma. Kwa sababu wasingeona kitu kwangu wala kwako, na swali lako lingebaki limesimama pale mtaani, nalo lilikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha hodi, wangu.

Nilikuja kumchukua Mohira mapema. Ulikuwa uani unawanawisha watoto mikono. Bibi Zulaykho alinikaribisha mwenyewe, akaona nimekonda, akasema, "Mwalimu, unakula kweli? Ngoja nikufungie mkate." Akaenda kwenye tanuri. Mlango wa ghala ulikuwa wazi.

Kwetu, kitambaa kilicholeta chakula msibani hakirudi kitupu. Cha kwenu kilikaa kwangu tangu siku ya arobaini ya mke wangu. Forosadi tulizila, mimi na Mohira. Kila nilipokiona nilijiambia nitanunua peremende nikirudishe, na sikukirudisha.

Nilikirudisha siku ile. Vitumba kumi na saba nilivifunga mimi katika kitambaa cha mama mkwe wako, nikavificha chini ya joho, na nikaviweka nyuma ya pipa lako la unga kwa mkono huu huu, wakati yeye ananifungia mkate.