Lenzi ya Mwalimu Mwingine

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu. Mimi na mama yako hatujambo, ila mgongo wangu unanikumbusha umri. Wajukuu zangu je?

Jana daktari wa macho alikuja nyumbani. Chai hakuigusa. "Mwalimu, nimekukosea. Lenzi niliyokuwekea ilikuwa ya mwenzako." Siku ile ya upasuaji tulikuwa walimu wastaafu wawili, na pale hospitali wote tunaitwa Mwalimu tu, mafaili yakabadilishana. Kumbe ukungu niliousingizia uzee si uzee! Anataka kulifungua jicho tena. Mwenzangu naye ameshaambiwa.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, watoto wanawasalimu. Lakini barua yako imenitoa jasho. Mtu akuharibie jicho, kisha umrudishie kisu? Baba, lile jingine lilishakufa, umebaki na hilo moja! Hama daktari. Na umshtaki.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Pole kwa jasho. Huku tu salama, na mama yako anakucheka: eti hasira umezirithi kwangu.

Hebu tufikiri pamoja. Mimi ningejuaje? Ningeulaumu uzee hadi kaburini. Hakuna aliyemshuku. Aligundua mwenyewe, akaliandika kosa kwenye faili langu, akatia saini. Nikamuuliza, "Na nikikushtaki?" Akanipa nakala: "Basi utaihitaji hii." Akaniambia mara ya pili ina hatari zaidi, akanielekeza kwa daktari mwingine nikapate maoni. Nilikwenda; naye alisema vilevile. Madaktari hodari wako wengi. Huyu najua kwamba mambo yakiharibika, ataniambia. Atanipasua Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba.

Alhamisi imepita, na nyingine. Mbona kimya? Hata kama ni mabaya, niandikieni.

Binti yako

12 Aprili

Mwanangu,

Usiogope, mwandiko huu ni wangu. Nilikatazwa kuinamia karatasi. Sasa nasoma gazeti, ila upande wa kushoto pana kivuli. Sijafungua mdomo, daktari akasema, "Hicho hakitaondoka, Mwalimu. Nilitarajia matokeo bora zaidi."

Nilipoinuka kuondoka, mama yako akabaki kitini. Akamwambia daktari ana uvimbe kifuani, mwaka sasa. Mimi mumewe sikujua! Jumatatu daktari atampeleka mwenyewe kwa mwenzake anayehusika. Njiani nilimuuliza mama yako: siri umeifunga mwaka mzima, unakwenda kuifungua kwa daktari wa macho?

"Huyu," akasema, "hatanificha."

Njoo, mwanangu.

Baba yako