Éponge ya Nguba

Bukavu, Nguba, Julai 1999

Mugisho, mudogo wangu,

Avoka zimeiva na mama anakusalimia. Barua yako ya Marseille ilifika. Unasema nifukuze watu wa Bunyakiri waliokimbilia kwetu juu ya vita, ati watatumaliza. Halafu chini yake unasifu éponge yako ya bahari, sifongo ile unayosomea: haiwezi kukimbia, haina meno, lakini inalaza ndani yake tududu tusioonekana kwa macho, nato tunaitengenezea sumu ya kufukuza adui. Nilicheka sana. Weye musomi, haukuona kama ni nyumba yetu?

Juzi, saa sita ya muchana, askari walikuja kuitwaa nyumba. Maman Bijou wa Bunyakiri akakamata sufuria, akaipiga na mwiko. Watoto wake wakapiga mabidon ya maji. Jirani wakaitika na sufuria zao, Nguba nzima ikalia. Askari wakarudi walikotoka.

Siku ile askari walimutwaa Papa wetu, tulikuwa wawili tu humu ndani, mama na mimi. Hakuna jirani alisikia.

Chumba chako sasa ni cha Maman Bijou. Ukirudi, utalala salon, pale tunapokea wageni.

Mukubwa wako asiyehama,
Madeleine