Mkanda wa Kwamboka

Adoyo, mke wa mwanangu,

Nimepanda mahindi, nimevuna, nimekula, na wewe hujakanyaga hapa! Unataka wajukuu wasahau sura yangu? Nyakerario ananiandikia ninavyosema.

Najua kinachokuzuia ni lile gari kuukuu la mzee, la kupita kwenye matope. Breki ilipofungwa kwenye mteremko wa Manga, mwanao Kwamboka alirushwa kutoka benchi la ubavuni, akapasuka mdomo. Ile damu sijaisahau.

Basi mabenchi nimeyang'oa. Sasa viti vya nyuma vinatazama mbele, kila kimoja na mkanda wake. Fundi Onyiego alitaka kuifunga mikanda kwenye bati la sakafu. Nikamuuliza, "Wewe, mtoto hubebwa kwa leso iliyooza? Funga kwenye chesisi, kile chuma kinachobeba gari lote!" Akafunga. Nikaketi nyuma mwenyewe, nikamwambia ateremke Manga, akanyage breki ghafla.

"Magokoro, nyanya yetu, utavunjika!"

"Kanyaga!"

Kofia yangu ya kanisa iliruka hadi kwenye usukani. Mimi sikutoka kitini.

Njoo Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Gari litawangoja Keroka. Usiwapandishe watoto kwanza. Panda wewe, uvute kila mkanda kwa nguvu zako zote.

Ni mimi,
Magokoro wa Kwamboka