Siku Niliyomshika Magesa Mkono Majini

Jumapili jioni, Musoma. Mawingu yametanda tangu mchana lakini mvua haijanyesha. Nguo nilizoingia nazo ziwani nimezianika nyuma ya nyumba, bado zinachuruzika. Nimechoka, ila si uchovu wa kazi.

Leo kule Mugango, nyumbani kwetu, amebatizwa mtu aliyemkata baba yangu.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Anaitwa Magesa. Miaka kumi na tatu iliyopita alikuja na wenzake kuiba ng'ombe wetu. Baba akawakuta zizini, na Magesa akamkata panga juu ya kisigino. Ng'ombe walikwenda wote. Katika lile kundi ni Magesa peke yake aliyekamatwa, akafungwa. Tangu hapo baba anatembea kwa fimbo, na muhogo wake analimiwa na watu.

Mimi nauza dawa kwenye duka moja hapa mjini, na naimba kwaya. Miaka yote hiyo nimeimba kwamba hakuna aliye mbali na Mungu. Nimewaambia hata wateja, wale wanaokuja na aibu zao wakinong'ona dirishani. Nilikuwa naamini kabisa. Nilimwacha nje mtu mmoja tu, na sikuona kama kuna ubaya.

Nilimwombea afie gerezani.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Sikuomba kwa hasira. Niliomba kwa utaratibu, nikishamaliza kuwaombea wagonjwa.

Hakufa. Alitoka mwaka juzi, akaenda kukaa kwa dada yake Kabasa, Bunda, akawa anabeba zege kwenye majengo. Sikutaka kujua zaidi ya hapo. Wiki iliyopita baba akanipigia simu kunieleza kwamba Magesa anabatizwa Jumapili, na kwamba yeye, baba, amekubali kuwa msimamizi wake.

Nikamuuliza amewezaje.

"Alikuja hapa mara tatu," baba akasema. "Ya kwanza nilimfukuza. Ya pili nilimwacha akae juani mpaka akaondoka mwenyewe. Ya tatu nikaona nimechoka kumchukia. Mguu peke yake unanitosha."

"Na akikugeuka, baba?"

"Anakujaga kila Jumamosi kunilimia. Miezi minane sasa namwangalia. Mtu hawezi kuigiza na jembe miezi minane."

Nilikwenda ili baba asiwe peke yake. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mchungaji wangu wa hapa mjini, na ndiyo niliyojipa mwenyewe.

Pale ufukweni hatukuwa wengi. Waliobatizwa walikuwa watano, na Magesa alikuwa wa mwisho. Nilitegemea kuona mtu mkubwa. Kichwani mwangu alikuwa mkubwa. Nikaona mwanamume mwembamba, mvi zimeanza kuingia, amesimama pembeni ameshika viatu vyake. Nilijisikia kama mtu aliyedanganywa.

Kanisa la kule Mugango lina utaratibu wake. Msimamizi anaingia majini na mtu wake, anamshika mkono mmoja, mchungaji anashika mwingine. Baba akavua viatu. Akapiga hatua mbili tatu juu ya mawe, mguu ukateleza, akakaa ndani ya maji. Nilikimbia, lakini Magesa aliniwahi. Alimwinua taratibu kwa upande wa kushoto, upande wa mguu mbovu, kama mtu aliyeshafanya hivyo mara nyingi.

Baba akanitazama.

"Nyangeta, ingia badala yangu."

Watu wote wakanigeukia. Hakuna asiyejua habari yetu pale. Mchungaji akasema si lazima, anaweza kumbatiza peke yake. Nikampa mama mmoja mkoba wangu ashike, nikaingia.

Maji yalikuwa ya baridi. Tulitembea mpaka yakatufika kifuani. Magesa alikuwa anatetemeka, na mwanzoni nilidhani ni kwa sababu yangu. Kumbe hajui kuogelea, analiogopa ziwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kama inakushinda, rudi. Mimi nitaelewa."

"Ziba pua," nikamwambia.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake maishani.

Mchungaji akatamka maneno ya ubatizo, tukamzamisha. Wimbi likaja, mchungaji akayumba, mkono wa Magesa ukamponyoka. Magesa akabaki chini ya maji, amenishika mimi tu, miguu inatapatapa.

Haikuwa muda mrefu. Lakini nataka niandike ukweli: nilipata nafasi ya kufikiri. Nilijua vizuri ule ni mkono wa nani, na ulifanya nini.

Nikamvuta. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, nikamkumbatia ili asirudi chini, naye akakohoa maji begani kwangu.

Watu wakaimba. Mimi sikuimba.

Sikulia pia. Wenzangu wa kwaya wakitoa ushuhuda husema amani ilishuka, mzigo ukatoka. Kwangu haikuwa hivyo. Nilisikia baridi tu. Baba ndiye aliyelia, ameketi juu ya jiwe na suruali imelowa. Baadaye tulikula nyumbani, ugali wa muhogo na sato. Magesa alikaa karibu na mlango, akala kidogo. Alipoaga kurudi Bunda alinitakia safari njema, nami nikaitikia kwa kichwa.

Njiani kurudi nilikuwa nawaza jambo moja. Mtu huyu alipanda gari mara tatu kwenda kwenye nyumba anayojua atafukuzwa. Mimi nimelelewa kanisani, na sijawahi kwenda kwa mtu yeyote kwa namna hiyo, hata mara moja. Nilikuwa nauliza kama Mungu anaweza kumfikia Magesa. Alimfikia zamani, wakati mimi bado naomba afe.

Sasa nauliza kama anaweza kunifikia mimi. Nadhani anaweza. Nimeandika "nadhani" na sitaifuta.

Jumamosi naomba ruhusa kazini, niende Mugango. Magesa atakuwa shambani. Nitamsalimia mimi kwanza, kwa jina lake.