Wena Si Mama

Jumapili, 6 Aprili

Magego tu leo. Siku nzima magego. Mgonjwa wa mwisho, mwanamme mzima na ndevu zake, kaniuma kidole halafu akataka mimi ndiye nimwombe radhi. Kutoka kliniki ya Qurum, Maskati nzima gari hazisogei. Nimefika nyumbani kichwa kinagonga.

Rayya alikuwa ghorofa ya chini kwa Mama, kakaa mapajani mwake, analishwa wali na samaki. Akanitazama, akasema, "Wena kaja." Basi. Kama kaja mtu wa kusoma mita. Akafungua kinywa kwa tonge lingine.

Ana miaka mitatu na nusu. Mama yangu ndiye anayemwita Mama. Mimi, niliyemzaa, ananiita Wena, kwa kuwa nyumba nzima inaniita Wena: Mama, mume wangu, kaka zangu wakija, hata fundi wa AC. Zuwena ni jina la kwenye vyeti. Na Mama sote tunamwita Mama. Mtoto anasema anachokisikia. Wageni hucheka, na mimi nilikuwa nacheka nao. Siku hizi sicheki.

Jumanne, 8 Aprili

Nassor keshakata tiketi. Mume wangu anauza vigae, stoo yake iko mtaa wa Ghala, na kila mwaka lazima aende China kuchagua mzigo. Safari hii tunakwenda naye, mimi na Rayya. Kwanza Beijing, kutembea tu. Kliniki wamenipa likizo, kwa kununa, lakini wamenipa.

Mama hataki. Hakusema kuwa hataki. Alisema mtoto hajazoea baridi. Mtoto hali vyakula vya kigeni. Mtoto halali bila yeye. "Mwacheni kwangu, nendeni nyie mkapumzike. Nna nguvu zangu bado." Nikamwambia nakwenda na mwanangu. Hilo neno mwanangu nililikaza. Alilisikia. Akaanza kukunja nguo za Rayya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Namuonea wivu mama yangu. Nataka siku chache tu mtoto asiwe na pa kukimbilia ila kwangu. Si nia nzuri. Ndiyo nia yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Uwanja wa ndege. Rayya kang'ang'ania shingo ya Mama mpaka Nassor akambandua kidole kidole. Kilio ukumbi mzima. Watu wananitazama mimi, eti yaya kashindwa kazi.

Ndani ya begi la mtoto nimeukuta mtandio wa Mama wa nyumbani, ule wa buluu uliopauka, unanuka udi na vitunguu. Kautia kwa siri ili mtoto aulalie. Nilitaka kumpa Nassor akauache garini. Nikauacha begini.

Kwenye ndege Nassor kanifundisha Kichina chake cha dukani. Asante. Ghali. Punguza. Kisha akacheka: mama kwao ni mama vile vile, na baba ni baba. Nikafurahi. Angalau hayo mawili hayana haja ya kujifunza.

Jumamosi, 12 Aprili

Beijing. Baridi kali, jua bila joto. Rayya kamlilia Mama tangu kwenye teksi mpaka hotelini. Nassor kapata mkahawa wa Waislamu nyuma ya hoteli, maandishi ya Kiarabu mlangoni, tambi na nyama ya kondoo. Mtoto kala kwa mikono miwili, mchuzi hadi kwenye nyusi. Alhamdulillah.

Kulala kaulalia mtandio. Nilimkumbatia. Akanipa mgongo.

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa.

Mpango ulikuwa asubuhi kasri la wafalme wa zamani, baada ya adhuhuri Ukuta Mkuu wa China. Ukuta hatukuuona.

Kasri halina mwisho. Ua baada ya ua, ngazi za mawe meupe, mapaa ya manjano, na watu wengi kuliko soko la Matrah mkesha wa Idi. Unaingia mlango wa kusini unatokea wa kaskazini, na ukishatoka hurudi ndani. Mlangoni wanakagua pasipoti. Nassor akazikagulisha zote tatu, akazirudisha mkobani mwake.

Kila hatua tunasimamishwa. Nywele za Rayya, vile vipilipili vyake, hawajapata kuviona. Picha na bibi huyu, picha na wanafunzi wale. Yeye anafurahi, anawapungia. Mimi nimeshika ukosi wa koti lake jekundu. Nassor anasema mwanao kawa malkia. Kisha dereva wa gari la kwenda Ukutani akapiga simu, hajui asimame wapi. Nassor akasema yeye anatangulia mlango wa kaskazini, sisi tumfuate polepole. Akaenda na mkoba.

Bibi mmoja akampa Rayya peremende. Laini, yenye kuvutika. Nikamnyang'anya kabla haijafika mdomoni, maana hizi laini zinatiwa jelatini, na jelatini nyingi ya nguruwe. Nikalipiga picha karatasi lake ili simu initafsirie. Simu ikazunguka, ikazunguka. Ikasema, mwani. Halali kabisa. Nikainua kichwa nimpe mtoto peremende yake, na mtoto hayupo.

Sijui nilikimbilia wapi. Niliita jina lake kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kila mtoto mwenye koti jekundu nilimgeuza uso. Kuna mwanamke alinisukuma, ana haki yake. Nilimuahidi Mungu vitu ambavyo sitaviweza. Na katikati ya yote hayo, aibu hii nayo niiandike, niliwaza: nitamwambia nini Mama?

Nilimkuta kwenye kibanda cha walinzi, kando ya geti la ndani. Kakaa kwenye kiti, miguu inaning'inia, mtandio wa Mama shingoni, anakunywa juisi. Nikamrukia. Mlinzi, binti mdogo tu, sare imembana, akaweka mkono wake baina yetu. Hakunisukuma. Aliuweka tu hapo. Akachutama mbele ya mtoto, akaninyooshea kidole, akauliza:

"Mama?"

Neno moja tunalolijua sote watatu.

Rayya akanitazama. Akatikisa kichwa. "Si mama. Wena."

Mlinzi akauliza tena, taratibu zaidi. Mwanangu kafunzwa adabu, akiulizwa mara ya pili huongeza maelezo. "Mama yuko Maskati," akasema, na kichwa akakitikisa tena. Mlinzi kasikia mama, kaona kichwa. Angehitaji nini tena? Akasimama. Ule mkono ukawa mgumu.

Nilisema kwa Kiingereza. Nilisema kwa Kiarabu, sijui kwa nini. Niliandika kwenye simu itafsiri: mimi ni mama yake, ila ananiita kwa jina langu. Alisoma, akanitazama jinsi mimi ninavyomtazama mgonjwa anayesema anapiga mswaki kila siku. Nikamfungulia picha. Ya Rabbi, zile picha! Mpiga picha siku zote ni mimi. Rayya na Mama siku ya Idi. Rayya na Mama ufukweni Bustan. Rayya kalala kifuani kwa Mama. Mlinzi akamgusa Mama kwenye kioo, na Rayya akaruka kitini kwa furaha: "Mama!"

Nassor simuni anapiga kelele, kule nje hawamrudishi ndani. Kanitumia picha za pasipoti. Mlinzi kazifuata herufi kwa kidole. Mtoto ni binti Nassor. Mimi ni binti Salim, maana kwetu mwanamke hufa na jina la baba yake. Majina hayafanani hata kidogo. Akaita mkubwa wake kwenye redio. Nikaanza kulia, kilio kibaya cha makamasi, mbele ya wale wale waliotupiga picha. Sasa walikuwa wanatupiga nyingine.

Nikampigia Mama simu ya video.

Maskati ilikuwa asubuhi mapema. Kakaa kwenye kiti chake na chai. Rayya akapiga ukelele, "Mama!", na mlinzi akatazama kioo, akanitazama mimi, uso ukazidi kukunjamana. Nikamweleza Mama huku nalia, maneno hayashikani. Wanamuuliza mama yake ni nani. Anasema si mimi. Hawanipi mtoto.

Mama akaweka kikombe chini.

"Rayya. Skiza, mwanangu. Mie si mama. Mie bibi."

Mtoto akacheka. Alidhani mchezo.

"Mie bibi yako. Mama'ko huyo hapo, Wena. Mpe mkono mama'ko." Sauti ikampasuka, akaikusanya. "Mwite. Mwite nsikie."

Rayya humtii Mama kuliko mtu yeyote duniani. Akanigeukia. Akaniuliza vile vile alivyoulizwa yeye, "Mama?", na akanyoosha mkono.

Mlinzi akashusha wake.

Nassor alifika baadaye na mkubwa wa walinzi, na pasipoti, na jasho. Wakakagua, wakatuachia. Yule binti alinipa maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi na akamlainisha Rayya nywele. Alifanya kazi yake. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Namchukia hata hivyo.

Nilipokumbuka simu, Mama alikuwa ameshaikata.

Jumatatu, 14 Aprili

Wena nipe maji. Wena nivue viatu. Wena, Wena, Wena. Lile neno limebaki kule kasrini.

Nassor anasema twende Ukutani kesho, haiwi kuja China bila kuuona. Auone yeye. Nimempigia Mama. Kauliza habari za baridi tu. Nami nikamjibu habari za baridi tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Nyumbani. Joto limetupiga usoni mlangoni pa uwanja wa ndege, nikalipenda.

Mama alitungoja barazani. Rayya akakimbia, "Mama! Mama!" Mama akamkumbatia, akamnusa shingo muda mrefu. Kisha akamweka chini. "Sema Bibi."

Rayya akacheka. Baadaye hakucheka tena, maana Mama haitiki. Anaitwa Mama, yeye anaendelea kupepeta mchele. Mtoto kamvuta kanzu, kampiga mapaja, kalia hadi kapaliwa. Mama macho chini. Kila akimaliza kunyamaza hivyo hunitazama mimi, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima na anaogopa ina alama.

Hiki ndicho nilichokitaka. Nimekipata na kinanitia hasira. Nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa ukali nani kamwambia aache kuitika. Nilimwambia anamtesa mtoto.

Hakugeuka. Alikuwa anaosha kikombe.

"Nlikusikia ukilia, Wena. Mbele za watu, nchi ya watu. Mie mama'ko wewe."

Nikachukua kitambaa nikafuta vikombe.

Jumatatu, 21 Aprili

Kazini. Nimesafisha mizizi ya meno mawili, wagonjwa wakorofi. Rayya hamwiti mtu. Akitaka kitu anakuja anavuta nguo, yangu au ya Mama, iliyo karibu. Mtoto aliyekuwa hanyamazi. Naogopa. Nassor anasema itapita. Nassor na vigae vyake.

Jumamosi, 26 Aprili

Alasiri. Chai ya maziwa chini kwa Mama, mkate wa ufuta uliobaki jana. Nassor yuko stoo, kontena limeingia. Mimi na Mama tumekaa. Anashona pindo la gauni la Rayya, mimi namtungia uzi kwenye sindano kwa vile macho yake hayaoni tundu.

Kutoka chooni: "Mama!"

Nikamtazama Mama. Mama akanitazama.

"Mama!"

Tukaitika wote wawili, pamoja, "Labeka!" Mama akafunga mdomo kwa mkono kama kaiba. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu turudi, na mimi nikacheka. Akachukua uzi mkononi mwangu. Akasema, "Nenda."

Rayya kakaa chooni, anaimba, miguu inapiga hewa. "Nishamaliza." Hakugeuka kutazama nani kaja. Nikafungua bomba. Maji ya tangi la juu yameshaanza kuwa ya moto siku hizi. Niliyaacha yapite mkononi mwangu mpaka yakapoa, kisha nikamtawaza.