Kalamu Haina Wakwe

Mtaa wa Chechelesi,
Isiolo.
9 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Amran,

Asalaam aleikum. Kazi ya huko Doha inaendeleaje, na lile joto, na mgongo wako? Unakula? Najua ukihuzunika huwa unaacha chakula, kwa hiyo nauliza kama mama. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa kuliko watu wake. Mvua imenyesha mara moja tu, ikalowesha vumbi, ikaenda zake.

Barua hii anakuletea Ridwan, kijana wa jirani yetu aliyepata kazi huko. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu naanza kulia, nawe unalia, tunamaliza bando bila kuambiana kitu.

Usijilaumu kwa kukosa mazishi ya kaka yako. Tajiri wako ndiye aliyekunyima ruhusa. Liandikwalo ndilo liwalo.

Bado niko eda. Regina, yule Mturkana anayeuza mboga hapa karibu, hupita kunitazama na kunitania: "Mama Kabale, si wewe ndio unaandikanga mapenzi? Sasa mbona unalia tu kama sisi?" Nacheka, halafu nalia tu kama wao. Riwaya zote zile za mapenzi hazijanisaidia hata kidogo, wifi.

Hii ninayoandika sasa imekwama kwenye sura ya mwisho. Unajua ninavyofanya kazi. Kwangu sentensi haijakamilika mpaka isomwe kwa sauti mtu aisikie, na mtu huyo alikuwa kaka yako. Akirudi kutoka mnadani kuuza mbuzi, alijilaza mkekani, akazima redio, nami nikamsomea. Hakuwa mtu wa kusifu. Akikohoa, nilijua nimedanganya. Kuna wakati nilimpa kijana wa hadithi yangu shada la maua ampelekee msichana wa Ngaremara. Kaka yako alikohoa mpaka akaketi. "Maua? Ngaremara? Mbuzi itakula hiyo kabla msichana aone!" Nikafuta maua, nikampa kijana mtungi wa maji aliyoyachota mbali. Wasomaji bado wananiandikia kuusifu ule mtungi, nami napokea sifa zisizo zangu.

Sasa kuna hili jambo la jina. Umelelewa Biliqo, unajua kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Miaka yote ya ndoa nilimwita Abba Kabale, baba wa binti yetu, na mdomo wangu haukuwahi kwenda mbele ya hapo. Kule hospitali nesi aliniuliza jina la mgonjwa, nikamjibu Abba Kabale. Akasema anataka la kitambulisho. Nikasimama pale kama bubu, mimi ninayekula kwa maneno, mwishowe nikamwomba kalamu nikaliandika. Kalamu haina wakwe. Kaka yako alikuwa akinitazama kutoka kitandani, akacheka na ile pumzi kidogo iliyobaki, akasema, "Kumbe unalijua." Hakuongea sana baada ya hapo.

Baada ya mazishi nilimpa shujaa wa riwaya jina hilo. Mhariri wangu, Bwana Mawira wa Nairobi, analalamika kwamba ni jina la wazee, eti wasomaji wa siku hizi wanataka majina matamu. Nimemkatalia. Akitaka kitabu, atakichukua na jina lake.

Lakini kumaliza siwezi. Nikisoma ile sura kwa sauti, nafika kwenye jina, mdomo unajifunga. Nikampa Kabale anisomee. Alisoma vizuri, akafika pale, akasema "Baba" na kuendelea kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Sikumrekebisha. Mama mkwe naye, tangu siku ya mazishi, hawezi kulitamka bila kuzidiwa. Katika nyumba hii hakuna anayemwita tena, wifi, na inaniuma kuliko nilivyojua mtu anaweza kuumwa.

Kwa hivyo nakuomba. Kurasa za sura hiyo nimezitia kwenye bahasha hii. Zisome kwa sauti, ujirekodi kwenye simu, unitumie. Wewe ni kitindamimba, ulimwita kwa jina hilo tangu ulipojua kusema. Ukilifikia, usilipite haraka. Liite kama ulivyokuwa ukimwita akusubiri, alipokutangulia na mbuzi nawe miguu imechoka. Nikijikuta nimegeuka kutazama mlango, nitajua sura imekamilika.

Mama mkwe anakusalimia na kukuombea kila swala. Kabale anauliza kama Doha kuna ngamia. Nisalimie Habsa mnayekaa naye. Mola akufunike ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye,
Zeinab, mke wa Isacko