Uzi Kati ya Migomba Miwili

Jumatatu, 6 Juni

Nimerudi kutoka shule na raketi nne kwenye mfuko wa rambo. Zote zimekatika nyuzi. Zilitoka kwenye mitumba sokoni Moshi, kwa hiyo silalamiki sana. Leo mwanafunzi wangu Fortunata alitaka kupiga kinyoya cha badmintoni, kikapita katikati ya raketi na kutokea upande wa pili. Wasichana walicheka. Mimi sikucheka.

Mkuu wa shule amesema wazi. Jumamosi wasichana wa shule moja ya mjini wanakuja kucheza badmintoni na sisi. Tukiaibika, ukumbi tunaochezea unakuwa stoo ya mahindi. Si mtu mbaya. Mahindi yananyeshewa kweli. Lakini ule ukumbi ndio mahali pekee ambapo Fortunata hasinzii.

Uzi nilionao unatosha raketi nne, nisipopoteza hata shubiri. Mjini dukani umekwisha, na mwenye duka hajui mzigo mwingine utafika lini. Siku hizi kila kitu kinauzwa, ila kile unachokitaka wewe.

Jumanne, 7 Juni

Kipimo changu ni migomba miwili nyuma ya jiko. Kwenda na kurudi, raketi moja, pamoja na kale kamkia ka kushikia wakati wa kukaza. Niligundua mwaka jana, kwa bahati tu. Ukikata kwa kukadiria unatupa uzi kila raketi, na ukijibana sana unaishia njiani. Hiyo ni mbaya zaidi.

Nimeuzungusha wote, mara nne. Sijaukata. Utakaa hapo mpaka kesho jioni unyooke, maana ukiwa na mapindo unajisokota ukipita kwenye matundu. Mama mkwe alikuwa ameenda kukata majani ya ng'ombe, hakuniona. Mume wangu Kanuti yuko kazini mjini hadi Ijumaa.

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni.

Jumatano, 8 Juni

Siamini.

Nimerudi shule nikakuta migomba yangu miwili mitupu. Kisha nikaona. Mama mkwe ameukata uzi vipande vipande na kufungia migomba yote iliyoinama kwa uzito wa mikungu, kutoka jikoni hadi mferejini. Ameikaza kwenye miti ya kivuli. Amewekea na majani makavu, uzi usikate shina. Kazi safi kabisa. Aliona nimezungusha kamba kwenye migomba miwili isiyo na shida yoyote, akadhani nimejaribu kuitegemeza nikashindwa. Akanisaidia.

Na amefurahi! Hapo ndipo panaponiua. Miaka yote niliyokaa kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo wao, hajawahi kunisifu kwa jambo la shamba. Leo amemwita jirani juu ya uzio, kwa sauti kubwa, amwambie kwamba mkwe wake mwalimu sasa ameanza kuiona migomba.

Nimekula kiburu, ndizi zake na maharage, bila kuinua macho. Nina hasira. Nikinyamaza, ukumbi umekwenda. Nikisema, nimemvunja moyo.

Alhamisi, 9 Juni

Nimefanya vibaya kuliko yote mawili.

Asubuhi, kabla ya shule, nilianza kufungua vifundo kimyakimya. Nikiwa kwenye mgomba wa pili Mama akatokea na panga lake.

"Sasa unafungua nini, mwanangu?"

Nikasema yote kwa mkupuo. Si kamba. Ni uzi wa raketi. Hakuna mwingine. Na yeye angeuliza kwanza. Hilo la mwisho nililisema kwa ukali, kama ninavyomsema mwanafunzi. Alinitazama, akageuka, akaingia zizini. Mkuki kwa nguruwe: mimi mwenyewe nilimuuliza nani kabla ya kufunga uzi kwenye migomba yake? Hapa mgomba ukifungwa kamba maana yake ni moja, kila mtoto anaijua.

Jioni hakuja kula. Mlango wake umefungwa. Upepo unavuma kutoka juu na sijui niombe nini.

Ijumaa, 10 Juni

Uzi wote ulikuwa unaning'inia kwenye komeo la mlango wangu. Umeoshwa utomvu. Vifundo vimefunguliwa vyote, wala hajakata hata kimoja. Katikati, jani la isale limepigwa fundo.

Nilikaa kizingitini nikalia. Isale hupelekewa uliyemkosea, umwombe radhi, na akiletewa halikatai. Mimi ndiye niliyepaswa kulipeleka kwake. Sijawahi kusikia mama mkwe akimletea mkwe. Nilikwenda, nikapiga magoti. Shikamoo, Mama. Marahaba. Akanisogezea bakuli la mtori, supu ya ndizi mbichi.

Migomba aliifunga upya kwa magome makavu ya migomba, sijui saa ngapi. Yote isipokuwa mmoja. Huo uliangushwa na upepo kabla hajaufikia, na mkungu wake ulikuwa bado haujakomaa. Nikajua mtori umetoka wapi.

Jioni. Nimevimwaga vipande mezani. Hakuna hata kimoja kinachotosha raketi. Nimevitazama mpaka kahawa ikapoa, ndipo ikaniingia: kwani lazima kimoja? Nyuzi za wima kipande kimoja, za kulala kingine. Vifundo vinaongezeka viwili, basi. Virefu nikavitenga kwa wima, vifupi kwa kulala. Kanuti amefika, ameshika fremu kati ya magoti. Mimi navuta, nachomeka shazia tunduni uzi usirudi, navuta tena. Vidole vinauma. Raketi tatu zimekamilika. Ya nne imepungukiwa mistari miwili juu kabisa, nimejazia uzi wa zamani. Ina rangi mbili. Inalia vizuri ukiigonga na kiganja.

Masalio yote yanaenea kwenye ngumi yangu.

Jumamosi, 11 Juni

Wawili wawili tumefungwa, tena vibaya. Mmoja mmoja, Fortunata ameshinda. Tena kwa ile raketi ya rangi mbili! Nilipiga kelele mpaka nikaona haya. Hakuna uzi uliokatika.

Mkuu wa shule alianza kutazama akiwa mlangoni, funguo mkononi. Baadaye aliomba kiti. Mwishoni akaniuliza kama mahindi yanaweza kukaa nyuma ya jukwaa, yafunikwe turubai. Nikasema yanaweza. Ningesema hata yanaweza kukaa kitandani kwangu.

Nimemsimulia Mama. Ameuliza kama kamba zake zilivumilia. Zake! Nikasema zimevumilia.

Jumapili, 12 Juni

Misa ya kwanza. Nimerudi nikaenda na Mama kihambani, akanifundisha kukaza gome la mgomba. La kwanza limenifyatuka. La tatu likashika. Yale masalio ya uzi ameyaomba, anashonea kikapu chake cha kahawa.

Nilimwambia migomba yangu miwili itakatwa mikungu ikikomaa, na kipimo changu kitakwenda nayo. Alasiri alikuwa nyuma ya jiko na jembe. Alikuwa amenyoosha gome kutoka mgomba hadi mgomba, kisha akalihamishia pembeni, urefu uleule, na kila mwisho wa gome amechomeka shina la isale. Amekanyagia udongo kwa mguu. Isale halikatwi wala haling'olewi, na hakuna anayelitegemeza kwa kamba.

Nimeyamwagilia yote mawili. Kesho vipindi vinaanza saa mbili.